Milango Inayouma

Uvumi wenyewe ulikuwa wa kitoto: kwamba milango ya Mstari wa Mto, safu ya trela za kando ya mto, inauma. Janelle Pruitt aliusikia wiki yake ya kwanza pale kambi ya trela ya Cedar Hollow, kwenye chumba cha kufulia, kutoka kwa mama mmoja wa viwanja vya juu aliyekuwa akikunja mashuka. "Nyinyi wa kule chini muangalie milango yenu," yule mama alisema, akacheka, akaondoka na kapu lake. Janelle naye alicheka. Lakini tangu siku hiyo neno lile lilimganda kama kupe. Akiosha vyombo, analo. Akimfunga binti yake kamba za viatu, analo. Mlango unauma vipi? Una meno?

Hakulifuatilia. Kambi ile ilikuwa imechoka kila mahali, na ukianza kulalamika unakauka mate kabla hujamaliza. Bwawa la kuogelea lilikuwa limebaki na vyura. Taa za bafuni ziliwaka zikijisikia. Wenye magari-nyumba mapya walipita barabara kuu bila hata kupunguza mwendo. Waliobaki Mstari wa Mto walikuwa watu wanaoishi humo humo kwenye trela zao, kiangazi na baridi, kwa sababu nyumba za mjini zilikuwa zimewashinda. Janelle na Addie, mtoto wa miaka tisa, waliingia mwezi Mei na trela kuukuu, wakapewa kiwanja namba kumi na sita.

Mtu wa kwanza kuwabishia hodi alikuwa mzee Orville Haskett wa namba kumi na nne, dereva mstaafu wa basi la shule. Alikuja na mkeka mzito wa mpira begani.

"Uweke hapa chini ya ngazi," alisema. "Huyu mtoto akitoka mtoni na tope lake asikuchafulie nyumba."

"Na wewe utabaki na nini, mzee?"

"Mimi nyumba yangu chafu tayari, binti."

Jumanne moja ya Julai, baada ya mvua ya usiku kucha, Janelle alitoka saa moja na nusu asubuhi kwenda kutupa taka. Akamwona Haskett amesimama mlangoni kwake, mgongo huku, mkono wa kulia umeshika kitasa cha chuma. Alikuwa miguu mitupu. Nyanya alizotoka kuchuma zilikuwa zimetapakaa kwenye majani.

"Umeamkaje, mzee?"

Hakujibu. Janelle akasogea. Hapo ndipo alipoona mabega ya yule mzee yanatetemeka, mtetemo mdogo wa haraka, usiopumzika, kama mashine ya kufulia inayokamua. Akanyoosha mkono amshike bega.

"Usimguse."

Alikuwa Delmar Quist wa namba kumi na tano, kifua wazi, mabuti miguuni. Alimpita Janelle mbio hadi kwenye nguzo ya umeme ya kiwanja cha Haskett, akafungua kisanduku, akashusha swichi. Mzee akabaki vile vile, amesimama, anatetemeka. Quist akatukana. Akaishika plagi kwa mikono miwili, akaing'oa kwa nguvu zake zote. Papo hapo vidole vya Haskett viliachia kitasa, naye akaanguka chali juu ya nyanya zake.

Walimsukuma kifua kwa zamu mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Alikuwa amekwisha. Katikati ya kiganja chake cha kulia palikuwa na alama nyeupe ya kuungua.

Afisa Coy Renfro wa polisi ya kaunti alifika saa mbili na dakika kumi, anatafuna. Nyuma yake kwenye kigari chake cha betri alikuja mwenye kambi, Loretta Bohannon, mjane wa miaka sitini na kitu, aproni mbele, mkanda wa bisibisi na koleo juu ya aproni. Hakuna aliyewahi kuugua pale kambini bila kupelekewa na Bi Loretta bakuli la tambi na samaki. Bomba likipasuka ni yeye, choo kikiziba ni yeye, umeme ukikatika ni yeye. Siku ile alilia machozi ya kweli. Aliinama akamfunika Haskett uso kwa aproni yake.

"Ni nani aliyemfikia kwanza?" Renfro aliuliza.

"Mimi," Janelle alisema.

"Na nani aliyegusa umeme?"

"Mimi," Quist alisema.

"Ulijuaje kuwa ni umeme, bwana? Mimi nikimwona mzee wa miaka sabini na moja kaganda mlangoni nitasema moyo."

"Wewe hujawahi kuona ng'ombe kwenye uzio wa umeme wa shamba?"

"Nimekuuliza swali."

"Nami nimekujibu."

Bi Loretta alimshika Renfro kiwiko, akamvuta pembeni, lakini sauti yake haikuwa ya kunong'ona sana. "Delmar na marehemu walikuwa hawasemezani tangu Pasaka. Mbwa wa Orville alikufa kwa sumu ya panya, na Delmar ndiye aliyekuwa na sumu ya panya. Mimi simtuhumu mtu, mwanangu. Nakueleza tu."

Kisha akachomoa mfukoni kidude cheusi chenye taa tatu. Kila mwenye trela Amerika anacho kidude hicho kwenye droo ya jikoni. Ukifika kambini unakichomeka kwanza kwenye nguzo: taa mbili za njano zikiwaka, unaunganisha trela yako na kulala usingizi. Watu wanakiamini kuliko wanavyomwamini daktari. Bi Loretta alikichomeka kwenye nguzo ya namba kumi na nne, mbele ya watu wote. Taa mbili za njano.

"Nguzo yangu haina kosa," alisema. "Kosa liko ndani ya trela. Wiki mbili zilizopita yule mpwa wake, Dwight, alikuwa humo ndani akimfungia kiyoyozi cha kuokota. Nilimwambia Orville aite fundi. Hakusikia."

Renfro alipiga picha taa mbili za njano. Hakufungua kisanduku. Hakuuliza ni kwa nini mzee aliendelea kutetemeka swichi ikiwa chini, ingawa Janelle alimweleza jambo hilo mara mbili.

"Dada, ulikuwa na mshtuko," alimwambia. "Watu wakishtuka huona mambo."

Alhamisi waliivuta trela ya Haskett ikawe ushahidi. Dwight, kijana wa watu, akawekwa ndani. Jioni hiyo Bi Loretta alipita kila mlango wa Mstari wa Mto na bakuli la tambi na samaki, na Janelle alilipokea akashukuru.

Ijumaa saa kumi jioni Addie alirudi kutoka mtoni analia, mkono ameukumbatia kifuani.

"Mama, mlango umeniuma."

Bakuli alilokuwa anaosha Janelle lilimponyoka, likavunjika kwenye beseni. Aliushika ule mkono, akaugeuza. Kiganja kilikuwa chekundu. "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pembeni. Mkeka ulikuwa wa moto kwa jua, nikasimama kwenye majani."

Janelle alizunguka nyuma ya trela, akachomoa umeme, akarudi akaketi kwenye ngazi, mtoto mapajani. Alikuwa na hasira iliyomtuliza kabisa. Kosa lilikuwa ndani ya trela ya Haskett, walisema. Trela ya Haskett ilikuwa imekwenda zake jana. Sasa huyu aliyemuuma mtoto wangu ni nani?

Bi Loretta alikuja na kigari chake, akachomeka kidude chake. Taa mbili za njano.

"Unaona mwenyewe, mwanangu. Huo ni ule umeme mdogo tu wa kuchana nywele, wa joto. Mwambie avae viatu."

"Julai hii? Mtoto anatoka kuogelea mtoni avae viatu?"

"Ndala za mpira. Na akanyage mkeka. Kwani nimewapa mikeka ya nini?"

Alisema hivyo kwa wema, akampigapiga Addie kichwani, akaondoka. Janelle alibaki ameutazama ule mkeka.

Alianza na Quist, kwa sababu ndiye aliyemtia hofu. Alimkuta amekaa nje ya trela yake anamenya mahindi.

"Umekuja kuniuliza kama nimeua mbwa au nimeua mtu?" Quist alisema bila kuinua kichwa.

"Vyote viwili."

"Angalau wewe una adabu ya kuuliza. Kaa."

"Ulijuaje kuwa ni umeme?"

"Kwa sababu mlango wangu uliniuma mwezi wa nne. Nikaenda kwa Loretta. Akaja na taa zake. Taa zikasema sawa. Nikajua ni trela yangu mbovu, maana kila kitu changu ni kibovu. Tangu siku hiyo nafungua mlango hivi." Alinyoosha mkono akagusa hewa kwa upande wa nyuma wa vidole. "Ukigusa kwa nyuma, mkono unaruka. Ukigusa kwa kiganja, mkono unafumba, na ukifumba umekwenda. Nilimwambia Orville. Akasema muuaji wa mbwa hamfundishi kufungua mlango."

"Na ulimuua huyo mbwa?"

"Binti, mimi ndiye niliyemchimbia kaburi. Sumu ya panya inamtapisha mnyama, anatoka damu, anajikokota siku mbili. Yule alikuwa mzima jioni. Asubuhi kalala kwenye majani, amekauka kama ubao, wala hajatapika. Ilikuwa imenyesha."

"Alikuwa amefungwa?"

"Kwa mnyororo. Orville alimfunga pale mbele, kwenye chuma cha kuvutia trela." Quist aliacha kumenya. "Mnyororo wa chuma," alisema tena, taratibu, na safari hii alikuwa anajisemea mwenyewe.

"Nani aliyesema ni sumu?"

"Loretta. Alikuja akamtazama, akasema sumu. Orville alimwamini, nani asingemwamini? Nikawa muuaji mpaka leo."

"Na mikeka ya mpira ililetwa lini?"

"Wiki ile ile. Alipita nayo nyumba kwa nyumba. Zawadi ya Pasaka, akasema." Alimtazama Janelle. "Sikuwahi kulifikiria hilo."

Janelle alipanda hadi Mstari wa Juu. Alimkuta yule mama wa chumba cha kufulia, jina lake Twyla Odom, anaanika taulo. Akamuuliza ameuweka wapi mkeka wake wa mpira.

"Mkeka gani?"

"Wa Bi Loretta. Wa Pasaka."

"Huku juu hatujapewa hata kiberiti," Twyla alisema. "Kumbe nyinyi mna mikeka? Ndiyo maana mnaringa."

"Milango ya huku inauma?"

"Hapana. Inauma ya kwenu." Akacheka, kisha akaona uso wa Janelle, akaacha. "Mimi nilisikia hivyo tangu lile lori la kuni lirudi kinyumenyume likavunja sanduku la nyaya pale mwanzo wa mstari wenu. Mwezi wa tatu. Wenzenu walikaa siku mbili bila umeme."

"Alikuja nani kulitengeneza?"

"Unauliza kama mgeni. Nani hutengeneza kitu hapa?"

Jumamosi asubuhi Janelle alimwacha Addie kwa Quist, amekatazwa kugusa chuma chochote, akaenda mjini duka la vifaa. Alimweleza muuzaji alichokiona Jumanne, tangu mwanzo. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye miwani kichwani, alimsikiliza mpaka alipofika kwenye swichi.

"Subiri. Swichi ilikuwa chini na bado mtu ameshikwa?"

"Chini. Nimeona kwa macho yangu. Aliachiwa plagi ilipong'olewa."

"Basi mama, hilo si la kiyoyozi. Swichi inakata ule waya unaoleta umeme. Kama swichi imekata na bodi la chuma la trela bado lina moto wa umeme, moto unapita kwenye waya wa kurudishia. Nyaya zimegeuzwa, na zimegeuzwa kabla ya kufika kwenye nguzo."

"Lakini kidude cha taa tatu kinasema sawa."

"Kambi ya zamani? Nyaya mbili tu ardhini, hakuna waya wa ethi?"

"Ethi ni ipi?"

"Ule unaoshikana na bodi la trela, unaopeleka umeme uliopotea ardhini usikupitie wewe. Zamani hawakuuweka. Sasa mtu mjanja, ili kidude kisimseme, anachukua kipande cha waya anaunganisha tundu la ethi na waya wa kurudishia, humo humo ndani ya soketi. Kidude kinadanganyika. Halafu siku akikosea akageuza zile mbili, trela nzima inakuwa waya wa umeme, na kidude bado kinawasha taa mbili za njano. Kinapima nyaya zenyewe kwa zenyewe. Hakijui ardhi iko wapi. Wewe uliyesimama ardhini ndiye unayejua."

Alimpa testa ya kalamu, ile inayowaka nyekundu na kulia ikisogezwa karibu na kitu chenye moto, bila kugusa. Janelle alirudi kambini akatembea nayo. Kwenye Mstari wa Juu kalamu haikulia hata kwenye trela moja. Kwenye Mstari wa Mto ililia kila alipoisogeza karibu na ukuta: namba kumi, kumi na moja, kumi na mbili, zote. Ililia kwenye trela ambayo ndani yake kulikuwa na kitanda cha mtoto mchanga.

Alibisha kila mlango. Chomoeni, alisema. Wengine walichomoa. Wengine walimwonyesha taa zao mbili za njano kupitia dirishani. Baba mmoja alimwambia, "Nje ni joto la kuoka mkate, mke wangu ana mimba, na wewe unataka nizime kiyoyozi kwa sababu ya kalamu?" Alimpigia Renfro. Renfro alisema ofisi ya ukaguzi hufunguliwa Jumatatu, na kwamba mtuhumiwa tayari anaye.

"Na mtoto akifa kesho?"

"Dada, Bi Loretta ana kambi hiyo tangu mimi niko shule. Usimharibie mtu jina."

"Basi njoo kesho ule panikeki," Janelle alisema. "Nakualika mimi."

Kila Jumapili saa tatu asubuhi Bi Loretta alipika panikeki chini ya banda, na kambi nzima ilikula. Jumapili ile hawakuwa na furaha, lakini walikuja. Renfro naye alikuja, bila sare. Janelle alingoja mpaka sahani zimejaa, kisha akasimama.

"Bi Loretta, nakuomba mbele ya watu. Mlango wangu umemuuma mwanangu. Njoo uukague, na wote waone, tuache maneno."

"Baada ya kula, mwanangu."

"Sasa hivi. Umbali wenyewe kutema mate."

Walimfuata na sahani zao mikononi. Pale namba kumi na sita waya wa umeme ulionekana umechomekwa kwenye nguzo. Majani mbele ya ngazi yalikuwa yamelowa. Janelle alikuwa ameyamwagia maji kwa mpira tangu alfajiri, na mkeka alikuwa ameutupa kando. Addie alikuwa mbali, juu ya meza ya mbao, Quist amemshika bega.

Bi Loretta alichomeka kidude chake. Taa mbili za njano. Akageuka na tabasamu. "Haya, mmeona?"

"Tumeona," Janelle alisema. "Kwa hiyo nguzo ni salama, na trela ni salama."

"Ni salama."

"Basi vua viatu, simama hapa kwenye majani, shika kitasa. Kwa kiganja."

Mtu mmoja aliguna kama anataka kucheka.

"Mimi ni mtu mzima, Janelle. Sivui viatu mbele za watu."

"Mwanangu anavua."

"Nina mafuta ya panikeki mikononi."

"Futa kwenye aproni."

Bi Loretta alifuta mikono. Alisogea hatua moja, viatu miguuni, akanyoosha mkono. Watu wote waliuona ukisogea, na waliuona ukigeuka njiani, kiganja kikaelekea kifuani kwake, mgongo wa mkono ukaelekea mlangoni. Kisha ukasimama. Quist, kule mezani, alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mimi sina la kuthibitisha kwa mtu," Bi Loretta alisema, akaurudisha mkono.

"Basi nitathibitisha mimi," Janelle alisema. Alivua viatu vyake, akasimama kwenye maji, akapeleka kiganja chake wazi kwenye kitasa.

"Achia!" Bi Loretta alipiga kelele. "Janelle, achia, utakufa!"

Sahani mbili zilianguka. Janelle alikuwa amekishika kitasa kwa vidole vyote vitano. Alikishika na kukitazama, halafu akamtazama yeye.

"Nimeuchomoa," alisema. "Kule nyuma, upande wa trela. Tangu Ijumaa hakuna umeme humu. Mimi si mtu wa kumuua mtu ili nishinde mabishano. Sasa niambie, Bi Loretta, taa zako zimesema salama. Umepiga kelele ya nini?"

Bi Loretta aliketi kwenye ngazi.

Janelle aliongea huku amesimama kwenye majani yale, na sauti yake haikupanda. Alisema lori lilivunja sanduku mwezi wa tatu, na Bi Loretta akaziunganisha nyaya mwenyewe, akazigeuza. Mlango wa Quist ulimuuma mwezi wa nne. Mbwa alikufa wiki ya Pasaka, kwa mnyororo wa chuma, juu ya majani yaliyolowa. Dwight alikuja na kiyoyozi mwezi huu wa Julai. "Afisa, kiyoyozi cha Julai kimemuua vipi mbwa wa Pasaka?"

Renfro aliweka sahani yake chini.

"Na baada ya mbwa, mikeka. Mstari huu tu. Wa juu hawakupewa, kwa sababu wa juu hawakuhitaji. Mpira haupitishi umeme. Ulijua vya kutosha kugawa mikeka, Bi Loretta. Mzee Haskett hakuambiwa ni ya nini, akaona ni ya kufutia tope, akampa mwanangu mkeka wake."

Renfro aliichukua ile kalamu mkononi mwa Janelle, akaenda hadi trela ya namba kumi na tano. Ikalia. Akaenda namba kumi na mbili. Ikalia. Yule baba mwenye mke mjamzito alikimbia kwenda kung'oa plagi yake, na wengine wakamfuata, na kwa muda hakuna kilichosikika ila viyoyozi vikizima kimoja kimoja.

"Nilikuwa nitengeneze," Bi Loretta alisema. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za Janelle, pale pale. "Msimu ukiisha, Septemba. Mume wangu aliniachia nyaya mbili ardhini, baba yake alimwachia yeye. Mkaguzi angekuja, angefunga mstari mzima kiangazi chote. Nilifunga vile vipande vya waya ili taa ziwake sawa, miaka kumi hakuna aliyedhurika. Lile lori ndilo lililoharibu. Nilipomwona yule mbwa ndipo nikajua nimegeuza nyaya mahali fulani. Nilitaka kulifungua lile sanduku. Ningezima umeme siku nzima, mngeuliza kwa nini, mtu angepiga simu." Alimtazama Janelle kwa macho mekundu. "Ningefunga, nyinyi mngekwenda wapi? Niliwafikiria nyinyi."

"Ulimsingizia Delmar sumu."

"Ilibidi niseme kitu."

"Ukamsingizia Dwight kuua mjomba wake."

"Wangemwachia. Wasingepata ushahidi."

"Mwanangu alikuja kwako na kiganja chekundu, ukamwambia avae ndala."

Bi Loretta aliinamisha kichwa. Janelle alimwendea karibu kabisa, na waliokuwa pale walidhani atampiga. Hakumpiga. Alisema, "Toka kwenye ngazi zangu," na akangoja mpaka alipotoka.

Dwight aliachiwa Jumatatu. Siku hiyo hiyo kaunti ilikata umeme wa Mstari wa Mto, na trela zikaanza kuondoka moja moja, nyingine bila kujua zinaelekea wapi. Baadhi ya majirani waliondoka bila kumuaga Janelle. Mama mmoja alimwambia waziwazi kwamba angenyamaza wangefika Septemba. Janelle alifunga vyombo kwa magazeti, na Quist akaivuta trela yao kwa gari lake hadi kambi nyingine, safari ya saa mbili.

Addie alipofika hakutaka kufungua mlango. Alisimama nje mpaka mama yake akamfungulia, na ndivyo anavyofanya mpaka leo, kila mlango, hata wa shule.

Kwa hiyo, mzazi unayeishi kwenye trela au unayepeleka watoto likizo kwenye kambi kuukuu, epuka haya:

Usiamini taa mbili za njano peke yake. Nunua testa ya kalamu na uisogeze kwenye bodi la trela kila unapounganisha umeme, na tena kila baada ya mvua.

Usimwache mtoto ashike chuma cha trela akiwa miguu mitupu au amelowa.

Usimfunge mnyama kwa mnyororo kwenye trela.

Usidhani swichi ikishushwa umeme umekwisha. Chomoa plagi.

Usimguse mtu aliyeshikwa na umeme. Chomoa kwanza, halafu mwendee.

Usikae kambi ambayo mwenyewe hujitengenezea umeme na hataki kusikia habari ya fundi mwenye leseni, hata awe mwema vipi.

Usipokee zawadi ya usalama bila kuuliza inazuia nini.

Usimwambie mtoto kwamba hakuumwa.

Usikubali kungoja msimu uishe.